Kusafiri Karibu na Mwendokasi wa Nuru Ndani ya Kompyuta: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwanafunzi anapoketi mbele ya kompyuta, akaichagua nyota ya Sirius na kuiamuru programu ya astronomia impeleke huko kwa mwendokasi wa nuru, mara nyingi anachokiona kwenye skrini hakilingani na alichofundishwa katika somo la fizikia. Nyota hubaki pale pale zilipokuwa, au safari ya miaka minane humalizika kabla hajavuta pumzi mara mbili, au skrini nzima huwa nyeusi. Katika maabara ya kompyuta ninamofundishia hapa Jinja nimeitwa mara nyingi kutazama matatizo ya namna hiyo, na kila nilipoyafuatilia kwa subira niligundua kwamba ni machache tu yaliyotokana na ubovu wa programu au wa mashine. Mengi yalitokana na kutojua programu husika imeandikwa ikokotoe jambo gani, na ni jambo gani imeliacha kwa makusudi. Kwa sababu hiyo, katika kila dalili ninayoieleza hapa chini, ninaanza na swali hilo kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Mbingu haibadiliki ingawa kasi imefikia ile ya nuru

Hii ndiyo dalili ninayoletewa zaidi, nayo ina visababishi vitatu vinavyofaa kuchunguzwa kwa mpangilio.

Kisababishi cha kwanza ni kwamba programu yenyewe haina hesabu hiyo. Celestia, iliyotolewa na Chris Laurel mwaka 2001, inafaa sana shuleni kwa sababu ni ya bure, hunakiliwa kwa urahisi kwenye flashi, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Hata hivyo, Celestia haikokotoi athari za nadharia ya uhusianifu maalumu, yaani nadharia ya Einstein inayoeleza mambo yanavyokuwa kwa kasi zinazokaribia ile ya nuru. Kwake msafiri ni jicho tu linalohamishwa angani kwa kasi yoyote litakayo: kitufe F2 humpa kilomita 1 kwa sekunde, F3 kilomita 1,000, F4 mwendokasi wa nuru wenyewe, F5 mara kumi ya huo, F6 umbali wa Dunia na Jua kila sekunde, na F7 mwaka mmoja wa nuru kila sekunde. Programu inayomruhusu mtu kuuzidi mwendokasi wa nuru bila kizuizi chochote haiwezi wakati huohuo kumwonyesha jinsi mbingu inavyojikunja karibu na mwendokasi huo, kwa kuwa kanuni zinazohusika zina kipeuo cha pili cha 1 toa mraba wa kasi (kasi ikiandikwa kama sehemu ya mwendokasi wa nuru), na kiasi kilicho ndani ya kipeuo huwa hasi mara tu kasi inapopita ile ya nuru. Stellarium nayo imejengwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mahali akitazama juu, si kwa ajili ya msafiri anayekata masafa kati ya nyota. Yeyote anayeitumia kwa safari hizi amebeba chombo kisicho cha kazi hiyo, na hakuna mpangilio utakaomsaidia.

Kisababishi cha pili ni kwamba hesabu ipo lakini haijawashwa. Gaia Sky, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani ili kuonyesha vipimo vya chombo cha Gaia kilichorushwa Desemba 2013, ina chaguo la aberesheni ya uhusianifu, yaani nyota kuonekana zimesogea kuelekea mbele kwa sababu ya kasi ya mtazamaji, ndani ya mipangilio yake. Chaguo hilo lisipowashwa, Gaia Sky huenda kama Celestia. Pamoja nalo upo mpangilio wa kikomo cha kasi ya kamera, na ni muhimu uwekwe chini ya mwendokasi wa nuru, kwa mfano 0.9 au 0.99 ya mwendokasi huo. Kikomo kikiachwa wazi, kamera itaruka kwa kasi zisizo na maana katika kanuni nilizozitaja, na chochote kitakachoonekana hapo hakifai kufundishia.

Kisababishi cha tatu husahauliwa na wengi: kasi bado ni ndogo mno. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022 na kuachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako kasi ya mzunguko ni karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ambayo ingetufikisha Kampala kutoka Jinja kwa sekunde zipatazo kumi na moja, lakini ikilinganishwa na mwendokasi wa nuru, ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde, ni sehemu zisizofika tatu kati ya laki moja. Nyota iliyo ubavuni mwa msafiri wa kasi hiyo husogea kwa sekunde tano hivi za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600), kiasi ambacho hakuna skrini ya kawaida itakayokionyesha. Ili nyota hiyo isogee digrii moja tu, inahitajika kasi ya karibu kilomita 5,200 kwa sekunde. Kwa hiyo mwanafunzi aliyewasha chaguo sahihi kisha akatembea polepole kuizunguka Dunia asishangae kuona mbingu imetulia.

Aberesheni yenyewe si jambo geni kwa yeyote aliyewahi kupanda boda boda wakati wa mvua. Matone yanaanguka wima, lakini abiria anayahisi yakimpiga usoni kana kwamba yanatoka mbele, na kadiri dereva anavyoongeza mwendo ndivyo mvua inavyozidi kulalia mbele. Nuru ya nyota hufanya vivyo hivyo kwa anayekwenda kasi. James Bradley wa Uingereza aliligundua jambo hili na kulieleza mwaka 1728 kwa kupima nyota ambazo zilisogea kidogo mwaka mzima kwa sababu Dunia huzunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde. Ni faraja kwa mwalimu kuweza kusema kwamba kinachoigizwa na programu hizi kilikwisha kupimwa kwa darubini karibu miaka 300 iliyopita, ingawa kwa kiasi kidogo sana.

Nyota zinasogea, lakini kwa namna inayotia shaka

Chaguo la aberesheni likishawashwa na kasi ikapanda, malalamiko hubadilika. Lalamiko la kawaida ni kwamba chombo kinaonekana kurudi nyuma. Mwanafunzi anaelekea kwenye ukanda wa nyota tatu za Orion, anaongeza kasi, na badala ya kundi hilo kukua mbele yake linasinyaa kana kwamba linavutwa mbali. Hapa programu iko sawa kabisa. Karibu na mwelekeo wa safari, pembe zote huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha (1 − β) ikigawanywa kwa (1 + β), ambapo β ni kasi ya chombo ikigawanywa kwa mwendokasi wa nuru. Kwa β ya 0.9 kizidishi hicho ni 0.23, kwa hiyo nyota za Betelgeuse na Rigel, ambazo kwetu zimeachana kwa karibu digrii 19, zitaonekana zimeachana kwa digrii 4 tu. Umbali halisi haujaongezeka, na kundi litaanza kukua tena chombo kitakaposhika kasi moja na kulikaribia kwelikweli, jambo ambalo kwa nyota za Orion huchukua muda mrefu sana kwa sababu ziko mamia ya miaka ya nuru kutoka kwetu.

Ili kuamua kama kinachoonekana ni sahihi, nyota iliyo ubavuni kwa digrii 90 kamili ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Kwa 0.5 ya mwendokasi wa nuru inapaswa kuonekana digrii 60 kutoka mwelekeo wa safari; kwa 0.9, digrii 26 hivi, kwa 0.99, digrii 8 na kidogo. Na kwa 0.999, digrii 2.6. Kwa nyota nyingine yoyote, gawanya pembe yake kwa mbili, tafuta tanjiti, izidishe kwa kile kipeuo nilichokitaja, kisha rudi kwenye pembe na uzidishe kwa mbili. Nyota iliyo nyuma kwa digrii 150, kwa mfano, itakuwa imehamia mbele hadi digrii 30 kasi ikiwa 0.99. Hivyo nusu nzima ya mbingu ya nyuma kuonekana karibu tupu si dalili ya data kupotea: kwa kasi hiyo zimebaki huko zile tu zilizokuwa ndani ya digrii 8 za kisogo cha safari.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafasi nzuri ya kufanya jaribio hili, kwa maana kutoka Uganda tunaiona mbingu ya kaskazini na ya kusini pamoja. Wanafunzi wanalijua kundi la Msalaba wa Kusini na wanaijua Kilimia, kwa hiyo huwa nawaambia wachague nyota wanazoweza kuzitambua kwa macho usiku, wazipime kwenye skrini kabla na baada ya kuongeza kasi, na waandike pembe kwenye daftari. Jaribio hili limefundisha darasani mwangu zaidi ya picha zote nilizowahi kuwaonyesha.

Zipo hata hivyo hitilafu tatu za kweli ambazo jaribio hili hufichua, hasa katika programu zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe. Nyota zikikimbilia pembeni na nyuma badala ya mbele, alama ya β imegeuzwa, au mwelekeo wa kasi umesomwa kinyume. Nyota zikiendelea kukusanyika ingawa kasi imeshikiliwa isiongezeke, hesabu inatumika juu ya matokeo yake yenyewe katika kila fremu, badala ya kuanza upya kutoka mahali halisi pa kila nyota. Na ukigeuza kamera upande, halafu rundo la nyota likafuata macho yako, basi mwandishi ametumia mwelekeo wa kutazama pale alipopaswa kutumia mwelekeo wa safari. Hitilafu hii ya mwisho hujificha kwa muda mrefu, kwa sababu watu wengi hutazama wanakokwenda na hawageuki kamwe.

Rangi na mng'ao havieleweki

Aberesheni huhamisha mahali pa nyota, wala haigusi rangi zake. Anayetaka rangi anahitaji programu inayokokotoa pia athari ya Doppler, yaani mabadiliko ya rangi ya nuru yanayoletwa na kasi, na si kila programu inayotoa ya kwanza hutoa ya pili. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitengeneza Real Time Relativity, ambayo huunganisha aberesheni, rangi na mng'ao. Nao maabara ya michezo ya kompyuta ya MIT nchini Marekani walitoa OpenRelativity, msimbo huria ambao wanaojua kuandika programu wanaweza kuujenga upya wapendavyo.

Athari ya Doppler ikiwashwa, kipimo kizuri ni Jua letu. Uso wa Jua una joto la karibu kelvini 5,772. Ukilielekea kwa nusu ya mwendokasi wa nuru, nuru yake huonekana kama ya kitu chenye kelvini 10,000 hivi, yaani weupe wenye ubluu unaokaribiana na wa Sirius. Ukiliacha nyuma kwa kasi hiyohiyo, huonekana kama lenye kelvini 3,300, jekundu zaidi kuliko Betelgeuse. Programu ikikuonyesha Jua la kijani kibichi au la zambarau iliyoiva, mwandishi amesogeza rangi ya pikseli kama mtu anayezungusha gurudumu la rangi, badala ya kulipandisha joto. Ni kosa la dhana, na hakuna mpangilio wa skrini utakaolirekebisha.

Jambo linalowatatiza hata walimu wenzangu ni mng'ao. Inajulikana kwamba nyota zilizo mbele hung'aa zaidi: kwa 0.99 ya mwendokasi wa nuru, kila fotoni (chembe ya nuru) inayotoka mbele moja kwa moja hufika ikiwa na nishati mara 14, na fotoni zenyewe hufika kwa wingi mara 14, hivyo jumla ya nishati inayopokelewa ni karibu mara 200. Kwa nini basi, katika programu iliyoandikwa kwa uangalifu, Sirius iliyo mbele kabisa hufifia? Niliwahi kuudhani huo kuwa ubovu, mpaka nilipokaa na kukokotoa. Nishati hiyo nyingi huhamia katika mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na wakati huohuo umbo la nyota angani hupungua kwa aberesheni. Ukiichukulia nyota kama kitu cheusi kinachotoa mionzi kwa joto lake, na ukapima katikati ya nuru tunayoiona, Sirius yenye karibu kelvini 9,900 hushuka hadi theluthi moja ya mng'ao wake, Jua huongezeka kidogo tu, na nyota nyekundu ya kelvini 3,500 huongezeka zaidi ya mara kumi na mbili. Mbingu ya msafiri huyo, kwa hiyo, hujaa nyota ambazo nyumbani zilikuwa nyekundu na hafifu. Programu inayozidisha mng'ao wa kila nyota kwa 200 bila kujali joto lake imerahisisha mno, nayo ndiyo inayohitaji kusahihishwa.

Sayari haionekani kubonyea

Wanafunzi waliosoma kwamba kitu kinachokwenda kasi hufupika hutarajia kuiona Dunia ikiwa bapa kama chapati wanapoipita. Roger Penrose na James Terrell walionyesha mwaka 1959, kila mmoja kwa njia yake, kwamba tufe likitazamwa au kupigwa picha mara moja bado huwa na ukingo wa duara, kwa sababu nuru kutoka sehemu zake mbalimbali hulifikia jicho ikiwa imeondoka kwa nyakati tofauti. Kinachobadilika ni sehemu ya uso inayoonekana, ambayo huonekana kana kwamba tufe limezungushwa. Programu inayoonyesha tufe lililobonyea imesahau kuihesabu safari ya nuru, na inayoonyesha duara haina kosa.

Sayari zinakimbia, safari haiendi

Dalili hii ni ya Celestia, na inastahili maelezo ya kutosha kwa sababu huharibu masomo mengi bila mtu kujua. Mwanafunzi yuko karibu na Dunia, anaelekeza uso kwenye Jua, anabonyeza F4, anaona kwamba safari ni ndefu, basi anabonyeza L mara tatu ili kuharakisha muda mara 1,000. Dunia inazunguka kama pia, mwezi unapita mbio, lakini Jua halikaribii hata kidogo zaidi ya awali.

Sababu ni kwamba ndani ya Celestia kuna saa mbili zisizoungana. Mwendo wa msafiri hupimwa kwa sekunde za ukutani, zile zinazopita maabarani, ilhali mwendo wa sayari hupimwa kwa sekunde za kalenda ya programu. Kitufe L huharakisha kalenda pekee. Msafiri wa F4 atatumia sekunde 499 za ukutani, yaani dakika 8 na sekunde 19, kutoka kwenye Dunia hadi kwenye Jua, hata kalenda ikikimbizwa vipi. Kalenda ikiwa imeharakishwa mara 1,000, siku 5 na saa 18 hivi zitakuwa zimepita ndani ya programu wakati anapofika, na Dunia itakuwa imesogea kilomita milioni 15. Ukipima kwa kalenda hiyo, huyu hakusafiri kwa mwendokasi wa nuru. Alisafiri kwa sehemu moja ya elfu yake.

Marekebisho ni kurudisha muda kwenye hali ya kawaida kwa kitufe cha mkwaju wa kinyume kabla ya safari yoyote unayotaka kuipima. Mwenye haja ya safari fupi zaidi aongeze kasi na muda kwa kizidishi kimoja: F5 pamoja na L mara moja huleta uwiano uleule wa nuru, kwa kuwa zote mbili zimeongezwa mara kumi. Ikumbukwe pia kwamba kitufe G, kinachompeleka mtu kwenye nyota au sayari aliyoichagua, humfikisha popote kwa sekunde chache bila kujali umbali, kwa hiyo hakifai kabisa kwa vipimo. Jaribio la sekunde 499 ndilo ninaloanza nalo kila muhula. Likifaulu, najua kwamba mipangilio ya muda iko sawa kwenye mashine hiyo.

Skrini inatetemeka, kisha inakuwa nyeusi

Hapa tunafika kwenye hitilafu halisi za ukokotoaji, na zinawahusu zaidi wanaoandika programu zao. Kadi ya michoro hupendelea nambari za desimali za biti 32, ambazo hubeba tarakimu muhimu zipatazo saba. Ukiandika mahali pa chombo kwa miaka ya nuru kutoka Jua, na chombo kikawa karibu na Sirius kwenye umbali wa miaka 8.6 ya nuru, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa kwa nambari hizo ni karibu kilomita milioni 9. Chombo hakiwezi kusogea chini ya hapo. Hurukaruka, na macho huona mtetemeko. Kwa nambari za biti 64 hatua hiyo hushuka hadi mita 17 hivi. Celestia iliepuka tatizo hili kwa kutunza mahali pa msafiri kwa biti 128. Anayeandika yake mwenyewe anaweza kutunza mahali kwa biti 64, kisha akatoa mahali pa kamera kabla ya kuikabidhi kadi ya michoro tofauti iliyobaki, ambayo kwa vitu vya karibu huwa ndogo na hutoshea vizuri.

Weusi wa ghafla una sababu inayofanana. Kizidishi cha Lorentz ni 1 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 1 toa mraba wa β. Kwa β ya 0.9999999 jibu sahihi ni 2,236, lakini nambari za biti 32 hutoa karibu 2,048, kwa sababu haziwezi kuandika β hiyo kamili. Ongeza tarakimu 9 moja zaidi, na nambari hukadiriwa kuwa 1 kamili. Kigawanyio huwa sifuri, jibu huwa halina mwisho, na kila pikseli iliyolitegemea hupotea. Njia iliyo safi ni kuacha kutunza β yenyewe na badala yake kutunza kiasi ambacho tanjiti yake ya haipaboli ndiyo β. Kiasi hicho huongezeka kwa hatua sawa chombo kinapochapuka kwa nguvu isiyobadilika, na kizidishi cha Lorentz hupatikana kama kosaini yake ya haipaboli bila kutoa nambari mbili zinazokaribia kulingana.

Sayari inapitwa bila kuonekana

Kwa mwendokasi wa nuru, programu inayochora fremu 30 kila sekunde husogeza chombo karibu kilomita 10,000 kati ya fremu moja na inayofuata. Kompyuta dhaifu inayochora fremu 5 husogeza kilomita 60,000, na Dunia yenye kipenyo cha kilomita 12,742 inaweza kurukwa nzima kati ya picha mbili. Punguza idadi ya nyota, zima mawingu na mng'ao wa anga, na katika Gaia Sky chagua orodha ndogo ya nyota badala ya ile kubwa. Umeme unapokatika na kompyuta za mkononi zikabaki na betri, nyingi hushusha nguvu zake zenyewe, hivyo jaribio lililokwenda vizuri asubuhi linaweza kukwamakwama mchana bila mtu kubadilisha kitu. Gaia Sky isipofunguka kabisa, chunguza kama kiendeshi cha kadi ya michoro kinakubali OpenGL 3, kiwango cha kuchora picha ambacho programu hiyo inakihitaji. Mashine nyingi kuukuu hazikubali, na kwa hizo Celestia ndiyo inayobaki.

Tarehe za kuondoka na kufika hazilingani

Kabla ya kuilaumu fizikia, hakikisha saa. Programu hutumia saa 24, na sisi tunaohesabu saa kuanzia mawio hukosea kwa saa sita bila kutambua. Jaribio linaloaminika ni kupatwa kwa Jua kulikoonekana Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, saa kumi na moja na dakika zipatazo 22 jioni. Weka mahali pa Pakwach katika Stellarium, weka 17:22 na ukanda wa saa tatu mbele ya saa ya dunia, na Mwezi unapaswa kulifunika Jua. Aliyeandika 11:22 ataliona Jua zima.

Saa ikiwa sahihi, inabaki tofauti ya kweli kati ya kalenda ya nyumbani na kalenda ya chombo. Celestia ina kalenda moja tu, ya nyumbani, kwa hiyo ya chombo lazima ikokotolewe pembeni; seli moja ya lahajedwali yenye =1/SQRT(1-A1^2), ambapo A1 ina β, hutoa kizidishi cha Lorentz, nacho ndicho kinachogawanya muda wa nyumbani ili kupata wa chombo. Chukua msafiri anayeondoka tarehe 1 Januari 2026 kwenda Sirius kwa 0.99 ya mwendokasi wa nuru bila kusimama. Nyumbani itapita miaka 8.69, hivyo atafika mapema Septemba 2034. Kizidishi cha Lorentz ni 7.09, hivyo kwake utapita mwaka mmoja na siku zipatazo 82, na kalenda ya chumba chake itaonyesha mwishoni mwa Machi 2027.

Sasa iweke Celestia karibu na Sirius, mapema Septemba 2034, simamisha mwendo kwa kitufe S, ichague Dunia, kisha ubonyeze kitufe cha kistari, ambacho huondoa muda wa safari ya nuru. Tarehe inapaswa kurudi hadi mwanzoni mwa Februari 2026, kwa sababu chombo kiliachwa nyuma kidogo tu na nuru iliyoondoka pamoja nacho, na msafiri akigeuka kutazama nyumbani ataona mwezi mmoja tu umepita tangu aage. Programu ikikuonyesha mwaka 2018, yaani wakati ambao chombo kilikuwa bado hakijaondoka, basi umeingiza tarehe ya chumba cha msafiri mahali palipohitaji tarehe ya nyumbani.